Nani Ampime Dereva Mzee?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia mjadala unaoendelea katika nchi zenye wazee wengi, kuanzia Japani hadi Uingereza, kuhusu madereva wa umri mkubwa. Swali lenyewe ni fupi: tujuaje kwamba mtu wa miaka 75, 80 au 90 bado anastahili kushika usukani? Nimeona nilijadili leo kwa sababu majibu mawili yanayotolewa mara nyingi hayaniridhishi. Wapo wanaosema mzee aachwe, kwani yeye mwenyewe ndiye anayezijua nguvu zake. Wapo wanaosema uwekwe umri wa ukomo, na siku ya kuufikia mtu akabidhi leseni kama anavyokabidhi ofisi siku ya kustaafu. Jibu la kwanza linamsahau mtoto anayevuka barabara. La pili linamsahau mzee mwenyewe.

Tuanze na Japani, kwa kuwa huko mjadala huu ulichochewa na msiba. Adhuhuri ya tarehe 19 Aprili 2019, katika eneo la Ikebukuro jijini Tokyo, gari lililoendeshwa na mzee wa miaka 87 lilipita taa nyekundu kwa kasi kubwa, likamgonga mama wa miaka 31 aliyekuwa akivuka kwa baiskeli pamoja na binti yake wa miaka 3. Wote wawili walifariki, na watu wengine 9 wakajeruhiwa. Dereva alikuwa afisa mwandamizi mstaafu wa serikali. Mahakamani alishikilia kwamba gari ndilo lililokuwa na hitilafu. Mwezi Septemba 2021 mahakama iliikataa hoja hiyo, ikaona kwamba alikanyaga mafuta badala ya breki, ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Alikuwa na umri wa miaka 90. Hakukata rufaa, na mwaka 2024 alifariki akiwa bado anatumikia kifungo.

Wengi walimwona mzee huyu kuwa mwongo. Mimi nimelitafakari shauri hili kwa namna nyingine. Inawezekana kabisa kwamba aliamini alichokisema. Mguu unapokosea kanyagio, akili haipati taarifa ya kosa. Inachokiona ni kwamba breki imekanyagwa na gari limekataa kusimama, na hivyo mguu unazidi kukandamiza. Mtu wa namna hiyo anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba hakukosea. Hapo ndipo jibu la wale wanaosema mzee ajipime mwenyewe linapoanguka. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba nyani haoni kundule. Uwezo unaopungua kidogo kidogo, kwa miaka kumi au ishirini, hauonekani kwa yule anayeupoteza, kwa sababu kila siku inafanana na jana yake.

Tukio la Ikebukuro lilikuwa na upande wa kisiasa pia. Dereva alipelekwa hospitali na hakukamatwa. Siku mbili baadaye, katika mji wa Kobe, dereva wa basi la mji aliyegonga na kuua watu wawili alikamatwa papo hapo. Wajapani wengi walilinganisha mambo hayo mawili na kuhitimisha, kwa haki au kwa hasira, kwamba nchi yao ina raia wa daraja la juu ambao sheria huwaendea kwa kunyata. Iwe hitimisho hilo lilikuwa sahihi au la, lina funzo. Kupima uwezo wa dereva mzee ni jambo linalogusa cheo. Mtu aliyekuwa akiamuru wengine kwa miaka arobaini hakubali kwa urahisi kuambiwa ashuke garini, na waliokuwa wakiamriwa naye hawapati ujasiri wa kumwambia.

Uingereza ilitupatia mfano wa pili mwaka huohuo. Tarehe 17 Januari 2019, karibu na makazi ya kifalme ya Sandringham, Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, aliingia barabara kuu na kugongana na gari lililokuwa na wanawake wawili na mtoto wa miezi tisa. Gari lake lilipinduka. Mwanamke mmoja alivunjika kifundo cha mkono, mtoto hakuumia. Mwanamfalme alikuwa na umri wa miaka 97. Siku mbili baadaye alipigwa picha akiendesha tena, bila mkanda. Ilipofika tarehe 9 Februari alirudisha leseni yake kwa hiari, na siku chache baadaye waendesha mashtaka waliamua kutomshitaki.

Kwa utaratibu wa Uingereza wa wakati ule, leseni ilikwisha muda mtu alipofikia miaka 70, na baada ya hapo ilifanywa upya kila baada ya miaka mitatu. Mwombaji alijaza fomu na kutamka mwenyewe kwamba macho na afya yake vinaruhusu. Hapakuwa na daktari wa lazima wala mtahini wa kukaa naye garini. Ni utaratibu unaomheshimu raia, na kwa wengi hufanya kazi, maana wazee wengi ni waadilifu. Lakini jamii iliyoweka utaratibu huo ilikuwa imekabidhi hukumu kwa mshitakiwa. Ikiwa mzee mwenye madaktari, walinzi na madereva wa kumwendesha wakati wowote aliendelea kushika usukani hadi miaka 97, tutarajie nini kwa mzee ambaye gari ndilo njia yake pekee ya kufika dukani?

Sasa tugeukie yale tunayoyajua kuhusu uzee na uendeshaji, maana mjadala huu hupotoka pale tunapobadilishana hofu badala ya hoja. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi kwenye retina takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20. Ndiyo maana giza la jioni humsumbua mzee mapema, na taa za gari linalokuja mbele humpofusha kwa muda mrefu zaidi. Shingo hukaza, na kugeuka kutazama nyuma huwa kazi. Dawa nyingi zinazotumiwa uzeeni huleta usingizi. Kubwa zaidi ni kupungua kwa wepesi wa kugawa mawazo: kumtazama mwenda kwa miguu, gari la kushoto na taa ya mbele kwa nukta moja. Kwa sababu hiyo ajali za wazee hutokea zaidi kwenye makutano ya barabara, mahali ambapo mambo mengi hudai kuamuliwa kwa pamoja.

Upande wa pili wa mizani una uzito pia. Wazee kwa kawaida hawashindani barabarani wala hawaendeshi wakiwa wamelewa kwa kiwango cha vijana. Wengi hujiwekea mipaka wenyewe: huacha kuendesha usiku, hukwepa mvua na barabara wasizozijua. Takwimu zinazoonyesha kwamba madereva wazee hufa zaidi kwa kila kilomita waliyosafiri zina mtego ndani yake. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na udhaifu wa mwili wenyewe, kwani mgongano unaomwacha kijana na michubuko unaweza kumuua mzee. Kumhesabia mzee kifo chake kama ushahidi kwamba yeye ni hatari kwa wengine ni kosa la kimantiki ambalo nisingelikubali katika insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Je, kuwapima wote kwa umri kunasaidia? Kwa akili ya kawaida tungesema ndiyo. Finland ilikuwa na utaratibu wa kupima afya za madereva wazee mara kwa mara, ilhali jirani yake Sweden haikuwa nao. Watafiti walipolinganisha nchi hizo mbili katika miaka ya 1990, hawakukuta faida ya usalama upande wa Finland. Walichokikuta ni kwamba wazee wa Finland walikufa zaidi wakiwa nje ya magari, kwa miguu na kwa baiskeli. Denmark nayo ilianzisha mwaka 2006 kipimo cha akili kwa waombaji wa leseni kuanzia miaka 70. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 haukuona kupungua kwa vifo vya ajali zilizowahusu madereva wazee, bali uliona ongezeko la vifo vya wazee wasio ndani ya gari. Mwaka 2017 Denmark iliondoa masharti hayo ya umri.

Matokeo hayo yanahitaji kufafanuliwa, maana yanaweza kutumiwa vibaya. Hayasemi kwamba kila mzee yuko salama akiwa usukanini. Yanasema kwamba kipimo kinachomwita kila mtu kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa huwatisha hata wenye uwezo. Baadhi yao, badala ya kukaa mbele ya daktari na kuulizwa leo ni siku gani, huacha tu kufanya upya leseni. Mtu huyo kesho yake bado anahitaji mkate na dawa. Anatoka kwa miguu, anavuka barabara asiyoweza kuivuka kwa haraka, na anagongwa na dereva mwenye umri wa mjukuu wake. Tumeiondoa hatari mahali pamoja na kuipeleka mahali ambapo mwili wake hauna hata bati la kumkinga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kinachopaswa kupimwa ni uwezo, na upimwe na mtu asiye na maslahi, garini, barabarani, pale penye sababu ya kuupima. Sababu zenyewe si ngumu kuzitaja. Ni makosa ya barabarani yanayojirudia, ajali ndogondogo, ugonjwa uliothibitishwa na daktari, au ombi la familia linalopokelewa kwa siri na kuchunguzwa kwa haki. Japani ilikaribia njia hiyo Mei 2022, ilipoweka sharti kwamba dereva wa miaka 75 na zaidi aliyefanya makosa fulani katika miaka mitatu iliyotangulia apite mtihani wa kuendesha kabla ya kupewa leseni upya. Iliruhusu pia leseni inayomwekea mtu mpaka wa kuendesha tu magari yenye vifaa vya usalama, kama vile breki zinazojifunga zenyewe gari linapokaribia kugonga.

Wazo hilo la leseni yenye mipaka lina busara kuliko chaguo la ama uendeshe popote ama usiendeshe kabisa. Katika jimbo la New South Wales, Australia, dereva aliyefikia miaka 85 anaweza kuchagua leseni inayomruhusu kuendesha karibu na nyumbani kwake bila kufanya mtihani wa barabarani. Mzee anayezifahamu njia za kwenda sokoni, kanisani au msikitini na zahanati, mchana kweupe, si dereva yuleyule akiwekwa usiku katika barabara kuu yenye malori.

Tena kupima kwa nia njema hutangulia kutafuta kinachotibika. Utafiti uliofanywa Alabama, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia madereva wazee wenye mtoto wa jicho. Waliofanyiwa upasuaji walipata ajali kwa kiwango cha nusu hivi ya wale ambao hawakufanyiwa. Fikiria maana yake, ndugu msomaji. Mzee aliyeonekana hafai anaweza kuhitaji upasuaji mfupi, miwani mipya, au kubadilishiwa dawa ya usiku. Tathmini inayoishia kwenye alama ya vema au kosa imefanya nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni usafiri, na hapa ndipo serikali nyingi hunyamaza. Mwaka 2019, baada ya Ikebukuro, zaidi ya Wajapani 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari, na zaidi ya 350,000 kati yao walikuwa na miaka 75 au zaidi. Anayerudisha hupewa cheti ambacho katika maeneo mengi humpatia punguzo la nauli ya basi au teksi. Ni jambo la kiungwana. Hata hivyo, punguzo la nauli humfaa aliye na basi. Katika vijiji vya milimani, ambako vijana wamehamia mijini na njia za mabasi zimefutwa kwa kukosa abiria, mzee anayerudisha leseni anakuwa amejifungia ndani. Watu wa huko wanaoendelea kuendesha wakiwa na miaka 85 wanalaumiwa kwa ukaidi, na wapo wakaidi kweli; lakini wengi wao wanaendesha kwa sababu hakuna gari jingine litakalokuja.

Msomaji wa hapa Tanzania anaweza kuniuliza: hayo yanatuhusu nini sisi, ambao taifa letu ni la vijana? Ni swali la haki. Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu zaidi cha vifo hivyo kwa idadi ya watu. Vifo hivyo husababishwa kwa sehemu kubwa na mwendo kasi, magari mabovu, ulevi na barabara zisizomjali mwenda kwa miguu. Atakayewaandama wazee akayaacha hayo atakuwa anatafuta sindano na kuacha panga.

Pamoja na hayo, tuna sababu mbili za kuanza kufikiri mapema. Ya kwanza ni magari yenyewe. Sehemu kubwa ya magari madogo tunayoyanunua hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na mengi yana gia za otomatiki. Katika gari la namna hiyo mguu mmoja ndio unaofanya kazi kwenye mafuta na breki, na hakuna klachi ya kumwokoa aliyekosea. Japani imekwisha kuamua kwamba magari mapya ya otomatiki yawe na kifaa cha kuzuia kosa la kukanyaga mafuta badala ya breki, kuanzia Septemba 2028. Kwa desturi ya biashara ya magari yaliyotumika, sisi tutayaona kwa wingi miaka mingi baada ya hapo. Wakati huohuo kizazi cha watumishi, walimu na wafanyabiashara walionunua magari yao ya kwanza miaka ishirini au thelathini iliyopita kinaingia uzeeni. Mimi ni mmoja wao, na leseni yangu hufanywa upya kama ya kijana.

Sababu ya pili ni mila zetu. Tunasema utu uzima dawa, na ni kweli. Lakini heshima yetu kwa wazee imetufundisha pia kunyamaza. Ni mtoto gani atakayemwambia baba yake, "Mzee, shikamoo, naomba funguo za gari"? Nimeziona familia ambazo kila mtu anajua kwamba mzee amegonga nguzo ya geti mara tatu, na kila mara fundi anaitwa, geti linanyooshwa, na hakuna anayesema neno. Halafu likitokea kubwa tunasema ajali haina kinga. Methali hiyo inafariji msibani. Haifai kuwa sera. Geti lililonyooshwa mara tatu lilikuwa limekwisha kusema.

Hata hivyo, mila hiyohiyo ina mlango wa kupitia. Jamii zetu nyingi zimempa mjukuu ruhusa ya kumtania babu kwa maneno ambayo mwana akiyatamka yangekuwa utovu wa adabu. Mjukuu anaweza kusema, "Babu, siku hizi wewe na lile geti mna ugomvi gani? Kesho nakuendesha mimi," na babu akacheka, na ujumbe ukafika. Utani wetu uliwekwa ili ukweli mchungu upate njia ya kupita bila kuvunja nyumba. Pale utani unaposhindwa, daktari na mtahini wachukue nafasi, na sheria iwape kinga na wajibu wa kusema, ili mzigo usimwangukie mtoto peke yake.

Ningependa mamlaka zetu zianze na mambo madogo yanayowezekana. Kipimo cha kweli cha macho kwa kila anayefanya upya leseni, kijana kwa mzee, kingewanufaisha wote na kisingemdhalilisha yeyote. Daktari anayemtibu dereva aulize kuhusu kuendesha kama anavyouliza kuhusu usingizi na chakula. Askari wa usalama barabarani anayemkuta mzee katika kosa la kuchanganyikiwa awe na mahali pa kumpeleka ili apimwe, badala ya kumwandikia faini na kumwachia aondoke, au kumwonea haya kwa mvi zake.

Na tuzungumzie usafiri kwa uzito uleule. Mzee wa Dar es Salaam anayekabidhi funguo leo anakwenda kusimama kituoni jua kali, akisubiri daladala ambayo vijana huipandia madirishani kabla haijasimama. Ngazi ya kwanza iko juu ya goti lake. Kondakta anapiga bati na gari linaondoka kabla hajakaa. Mzee huyo akirudi nyumbani na kusema kwamba kesho ataendesha mwenyewe, tutamjibu nini? Maadamu hatuna jibu, hata mtahini mwadilifu kuliko wote, akimnyang'anya leseni mtu asiyeweza tena kuendesha, atakuwa ameiokoa barabara na kumwacha mtu kando yake.